Wino Mwekundu wa Shangazi

Voi,
9 Februari 1986

Mpendwa Shangazi,

Salamu zikufikie huko kwenye ukungu, zikitoka huku kwenye joto. Sisi sote tu wazima. Nduku anakusalimu sana. Wakio ameng'oka jino la mbele na anaringa kama mtu aliyepandishwa cheo. Mvua bado hatujaiona, tunatazama tu mawingu yakija kwenu.

Barua yangu ya Krismasi umenirudishia ikiwa na alama sita juu ya kumi, na maneno mekundu pembeni: "Umeandika habari za ofisi, hukuandika zako." Nduku alicheka mpaka akakaa chini. Mwanamume mzima mwenye mke anasahihishwa barua! Nikamweleza kwamba umefanya hivyo tangu nilipokuwa bweni, na kwamba kwako kumi ni ya Mungu, tisa ni ya mwalimu, na mwanafunzi akijikaza sana hupata nane. Mimi hiyo nane sijawahi kuionja. Leo naitafuta, kwa hiyo nakupa siku yangu nzima.

Asubuhi tunasali watatu mezani, sala fupi, kwa maana basi la Mwatate halingojei amina. Wakio huombea paka na dereva. Njiani nasoma kitabu changu mpaka vumbi jekundu linanizuia. Ofisini nashinda nikihesabu marobota ya mkonge, na jioni narudi kwa basi lile lile nikiwa na rangi ya barabara. Nikishakula na kumsikiliza Wakio akisoma, ndipo nafungua kompyuta.

Ndiyo, kompyuta. Mhandisi mmoja wa kiwandani alipokuwa akirudi kwao aliiacha ikiwa imekufa, akasema itupwe. Nikaomba niitupe mimi. Nimeitupa mpaka chumbani kwangu, nikabadilisha waya zilizoungua, na imefufuka. Ni kibao tu cha vitufe, chembamba kuliko Bibilia yako ya kanisani. Unaiunga na televisheni, na yale maagizo unayoiandikia unayahifadhi kwenye kaseti ya kawaida ya redio. Ukicheza kaseti hiyo inalia kama paka aliyekanyagwa mkia, kisha kazi yako inarudi kwenye kioo. Tabu ni jirani mwenye kinu cha posho. Akikiwasha, umeme wetu unazirai, na yote ambayo sijayahifadhi yanakwenda na unga.

Nduku ameipa jina. Anaiita mke mwenza.

Kwaya haijambo. Msalimie katekista Obadiah.

Mwanao,
Fanuel

*

Mwanda,
9 Machi 1986

Mwanangu Fanuel,

Mimi ni mzima na nyumba ni nzima. Mvua ilitupita juu ikaenda kwa wenye dhambi kidogo. Ng'ombe amezaa ndama jike. Mkono wangu wa kushoto una lengelenge la chai, kikombe kilikuwa kimewekwa mahali pabaya. Usimwambie Nduku, atapanda mlima na dawa za Kikamba.

Barua yako niliisomea mlangoni penye jua, kwa sababu umeanza kuandika kama mtu anayeionea karatasi huruma. Tumia wino mweusi. Huu wa bluu umechoka.

Alama sijaweka. Wino mwekundu umeniishia na hapa dukani hawana.

Juu ya mashine sina neno. Kuna watu hapa watakaosema ina pepo, lakini pepo ninaowajua mimi hawahitaji umeme. Neno langu ni moja. Sikukuuliza afya ya kwaya. Nilikuuliza kama wewe bado unaimba tenori. "Haijambo" ni jibu la daktari.

Unamkumbuka Elsie, niliyemfundisha darasa la tatu akawa analia akikosa hesabu? Sasa ni mwalimu hapa shuleni, ana viatu virefu, na kila Jumamosi anapita kwangu kuniuliza kama ningependa anisaidie kusoma somo kanisani. "Mwalimu, pumzika kidogo." Nipumzike kwani nimekimbia? Tangu kanisa lile liwe la nyasi mimi ndiye msomaji. Anataka mimbari, huyo. Nitamwachia siku nitakapobebwa kuingia humo.

Bwana akulinde njiani,
Shangazi yako,
Gertrude

*

Voi,
13 Aprili 1986

Mpendwa Shangazi,

Tumefurahi kusikia una ndama. Wakio anataka aitwe Televisheni, amua mwenyewe.

Nimempa Kiilu, utingo wa basi la Wundanyi, kalamu mbili nyekundu akuletee. Sasa huna kisingizio. Naona nimezoea vibaya, barua isiyorudi na alama naihisi haijafika.

Mke mwenza anaendelea vizuri. Nimemfundisha kupanga majina ya wafanyakazi kwa herufi. Nilimwonyesha karani mkuu, akasema ni mchezo wa watoto. Nikamjibu kwamba mtoto wangu tayari anaucheza. Sijisifu Shangazi, lakini hakuna mtu kati ya hapa na Taveta aliyenionyesha kitu hiki, na kila jioni kinanielewa zaidi. Au mimi ndiye ninayekielewa. Nduku anasema mwanzo wa ndoa huwa hivyo hivyo.

Basi linapiga honi. Barua hii naimalizia kituoni.

Fanuel

*

Mwanda,
19 Mei 1986

Mwanangu,

Tumshukuru Mungu kwa mvua, hatimaye. Maharagwe sikupanda mwaka huu, nimewaachia jirani shamba walime wao. Ndama anaitwa Pentekoste, mwambie Wakio nimekataa.

Kalamu za Kiilu zimefika lakini haziandiki.

Sasa nikueleze nilivyomtia adabu Obadiah. Jana ilikuwa Pentekoste na kanisa lilifurika, kulikuwa na mchungaji mgeni kutoka bondeni. Somo langu lilikuwa lile la ndimi za moto, nilikuwa nimejitayarisha wiki nzima. Nimesimama, Bibilia iko wazi mbele yangu, Obadiah ananijia na kuninong'oneza kwamba mgeni amebadilisha, anataka somo jingine, na ananifungulia ukurasa mwingine kabisa. Mbele ya watu! Nikamwambia, na sikunong'ona, kwamba katika kanisa hili somo halibadilishwi kama bei ya nyanya. Nikasoma ndimi zangu za moto toka mwanzo mpaka mwisho, bila kuinamisha kichwa. Mgeni ikabidi ahubiri juu ya nilichosoma. Watu walinishika mkono wakati wa kutoka. Elsie alikuwa akiutazama ule ukurasa uliofunguliwa, si mimi, na hilo sikulipenda.

Mwaka huu Majilio yatafunguliwa hapa kwetu na askofu mwenyewe. Nitasoma mimi.

Kuhusu kwaya umenyamaza mara mbili. Nami nahesabu.

Gertrude

*

Voi,
1 Juni 1986

Mpendwa Shangazi,

Sisi wazima. Leo salamu ni fupi, nisipoandika haraka nitarudi nyuma.

Naandika nikiogopa kuliko nilivyoogopa fimbo yako ya mforosadi. Barua yako ya mwisho mistari imepandana, mmoja umelala juu ya mwenzake, na wewe ndiye uliyenichapa kwa kuvuka mstari. Kalamu za Kiilu nilizijaribu mwenyewe kituoni, ziliandika hadi kwenye kiganja changu. Chai imekumwagikia. Shamba ambalo hukuwahi kumpa mtu umempa jirani. Halafu Obadiah. Shangazi, lile somo la ndimi za moto ulitufundisha kwa kichwa tukiwa darasa la nne, mpaka leo naweza kulisema nikiwa usingizini. Uliposimama mbele ya watu hukulisoma. Ulilikumbuka.

Hapa Voi kuna mzee Mahmud, mwenye duka la vitambaa. Mwaka jana alikuwa akiwauzia watu kijani wakiomba nyeusi. Ilikuwa mtoto wa jicho. Walimpasua Mombasa, na siku hizi hata ukigusa kitambaa na mkono mchafu anakuona kutoka ng'ambo ya barabara. Nimemuuliza yote. Anasema kinachouma ni kuogopa.

Kama nimekosea nipe sifuri, na uiandike kubwa. Kama sikukosea, niambie tu neno moja. Ni wewe uliyenifundisha kusoma. Naumia nikifikiri kwamba umeketi hapo mlangoni na karatasi usoni, na huna unayemwambia.

Fanuel

*

Voi,
20 Julai 1986

Mpendwa Shangazi,

Tumekaa bila neno lako. Kiilu anasema alikuona sokoni na ulimkaripia, kwa hiyo najua uko hai na una nguvu. Sijui umenikasirikia au vipi. Kama ni hasira, nipe hasira kwa maandishi, nimeizoea.

Shule zikifungwa Nduku atapanda kukuchukua uje ukae nasi. Usimkatalie, amekwisha kufua mapazia.

Jioni zangu zote nazipeleka kwenye jambo moja. Kila herufi kwenye kioo cha kompyuta imejengwa kwa vijisanduku vidogo. Mimi nataka herufi za ukubwa wa kopo, kwa hiyo naijenga upya kila moja. Wakio anapaka rangi vijisanduku kwenye karatasi ya mraba, mimi naviandika kwenye mashine. Tumefika R. Anaipenda O, anasema ni rahisi na haina miguu. Jana kinu kiliwashwa tulipokuwa hatujahifadhi, tukapoteza kutoka K. Tumeanza tena. Tutamaliza.

Fanuel

*

Mwanda,
7 Septemba 1986

Mwanangu Fanuel,

Mkono huu si wangu, umekwisha kuutambua. Ni wa Elsie. Nimemwambia aandike kila neno nitakalosema, hata lile linalomhusu, na ameapa.

Nimefika nyumbani salama kutoka kwenu. Nduku amenifungashia vitu kama ninahamia. Mwambie yule ni binti yangu, na mtu akimwita Mkamba mbele yangu kwa dharau atanijua. Pentekoste amenenepa.

Sasa tuseme. Mambo haya sikuyasema kwenu kwa sababu nilikuwa na aibu, na mtu mwenye aibu husema habari za hali ya hewa.

Barua yako ya Juni sikuisoma. Ilifika, nikaenda nayo mlangoni. Nikaigeuza, nikaisogeza, nikaipeleka mbali, nikaileta puani. Niliona mbuga ya siafu. Barua ya Februari ndiyo ya mwisho niliyoisoma mwenyewe, na ilinichukua siku tatu. Hiyo ya Aprili niliipata neno huku neno kule. Ya Juni nikaitia kwenye kopo la biskuti, na ya Julai nikaiweka juu yake. Ningeweza kumpa mtu anisomee. Lakini mtu huyo angekuwa nani? Elsie alikuwa akipita kila Jumamosi na mimi nilikuwa nikimfukuza kila Jumamosi.

Unajua ulichofanya siku ile ya pili sebuleni kwako. Uliniketisha karibu na televisheni mpaka nikahisi joto lake. Kaseti ikalia, nikafikiri umevunja kitu. Kisha kioo kikawa cheusi, na juu yake likatokea neno jeupe, kubwa kama kibao cha duka. MPENDWA. Nikalisoma. Wakio akabonyeza, likaja SHANGAZI. Nikalisoma. Ulikuwa umetoka nje, ukasema unakwenda kutazama waya. Najua hukutazama waya.

Nilidhani umeniandikia salamu. Kumbe ulikuwa umetia barua ya Juni yote, na nakala uliitoa kichwani mwako. Neno moja moja, mtoto akibonyeza, bibi akisoma kwa sauti. Nilipofika kwenye chai nilijua unaelekea wapi. Nilipofika kwenye Obadiah nilimwambia Wakio angoje. Nililia, Fanuel. Mtoto akaniuliza kama ni herufi zake mbaya. Nikamwambia ni nzuri, ni nzuri mno, bonyeza. Tulisoma hadi mwisho.

Sikulia kwa sababu umenifichua. Nililia kwa sababu nilikuwa nimesahau kusoma kunavyokuwa. Nilijidanganya kwamba kukumbuka kunatosha. Ninajua zaburi, najua nyimbo, najua masomo ya mwaka mzima, nikasema basi, nina akiba. Lakini barua ya mtoto wako huwezi kuikumbuka kabla hujaisoma.

Kwa hiyo nitakwenda Mombasa. Naogopa kisu, andika hivyo Elsie, naogopa sana. Naogopa wakikosea nitapoteza hata huu mwanga wa mlango nilio nao. Lakini nitakwenda.

Sharti langu ni hili. Nduku ameniambia. Usimlaumu, nilimuuliza akiwa na mikono ndani ya unga, hakuwa na pa kukimbilia. Hujaimba tangu Novemba. Alhamisi ya kwaya umeipa mashine, na Jumapili unaketi nyuma karibu na mlango kama mtu aliyekuja kusoma mita ya maji. Kila mara nilipokuuliza ukanijibu "haijambo," au ukanyamaza. Mimi nilificha macho, wewe ukaficha sauti, tukawa tunaandikiana juu ya ndama. Basi mimi nitampa daktari macho yangu, nawe utaipa kwaya sauti yako. Mashine ina siku sita nyingine.

Mimbari nimempa Elsie mwezi huu. Nilimwita, nikamwambia kwa nini. Akasema alijua tangu Pasaka. Jumamosi zote zile alikuwa akija nimwambie, ili anisomee kimya kimya kabla ya Jumapili, na hakuna ambaye angejua. Nilikuwa namwita mwizi mtu aliyekuwa akishika ngazi chini yangu. Naye sasa analia juu ya karatasi, usishangae ukiona doa.

Gertrude,
kwa mkono wa Elsie

*

Voi,
19 Oktoba 1986

Mpendwa Shangazi,

Natumaini jicho limetulia na unamtii Elsie juu ya kuinama. Tangu nikurudishe kutoka Mombasa sijalala vizuri hadi Kiilu alipoleta habari kwamba bandeji imetolewa na umemlaumu kwa shati chafu. Nikamuuliza, aliliona shati lako kwa mbali au kwa karibu? Akasema ukiwa ng'ambo ya lori. Nilimkumbatia pale kituoni, abiria wakatucheka.

Ndani ya treni uliniambia nisikushike mkono, kisha ukanishika wewe, kutoka Mariakani hadi mwisho. Nimeliandika hilo ili usije ukalikana.

Alhamisi nimerudi kwenye kwaya. Mwalimu wa kwaya hakuniuliza nilikuwa wapi, alinipa karatasi tu. Nilitoka mara ile kwa sababu sauti ya tenori ilinishinda kwenye wimbo mmoja, watu wakageuka, nikaona haya. Mashine ukikosea haigeuki kukutazama. Ndiyo sababu niliipenda Alhamisi, na sikutaka kukuambia.

Sasa nimepata dawa. Nimeifundisha kompyuta kupiga sauti ya tenori, pii pii kama kifaranga, do re mi kwa mpangilio. Nyimbo zetu ziko kwenye kaseti. Asubuhi ninaponyoa inalia, mimi nafuata, Nduku anageuza chapati, Wakio anatupigia meza. Kisha sala, kisha basi. Abiria wa Mwatate wameshaujua wimbo wa Majilio, dereva anaimba besi. Nduku anasema mke mwenza ameokoka.

Barua hii nimeiandika kwa mwandiko wangu wa kawaida, kwa wino wa bluu. Sikuikuza hata herufi moja. Nilitaka, mkono ukanikatalia. Ikikushinda mpe Elsie.

Mwanao,
Fanuel

*

Mwanda,
30 Novemba 1986

Mwanangu Fanuel,

Haikunishinda.

Miwani imekuja wiki mbili zilizopita. Ni minene kama vitako vya chupa, na nikiivaa Obadiah anasema ninamtisha. Na yeye ananitisha. Hakuna aliyeniambia amezeeka kiasi kile. Nyumba yangu ilikuwa chafu, Fanuel, buibui walikuwa wamejenga mji, na wageni wote walikaa humo wakinywa chai na kunisifu. Nimefagia siku mbili. Ndama ana alama nyeupe kwenye paji la uso ambayo hakuna aliyefikiri kunitajia.

Leo imekuwa Jumapili ya kwanza ya Majilio na askofu alikuja. Elsie alisoma somo la kwanza, mimi la pili. Nilimwomba Obadiah anichagulie lolote, hapo hapo, nisilolijua. Alinitazama, akafungua katikati ya yale majina marefu ya mababu ambayo kila msomaji huyakimbia. Niliinamisha kichwa na kuyasoma yote. Nilikwama mara mbili. Elsie ananiambia watu walidhani nimezeeka. Wacha wadhani.

Tulipotoka niliketi mlangoni na lile kopo la biskuti. Kalamu za Kiilu zinaandika vizuri sana, hazikuwahi kuwa na kosa. Barua zako zote za mwaka huu nakurudishia humu ndani.

Ya Februari nimeipa saba. Ni ya kuchekesha, lakini "kwaya haijambo" ni uongo wenye shati safi. Ya Aprili tano, uliandikia kituoni. Ya Julai saba, na Wakio nane yake peke yake kwa kuanza tena kutoka K. Hii ya Oktoba nane. Ndiyo, nane. Usiruke, utavunja televisheni.

Ile ya Juni niliisoma mara ya pili, safari hii kwenye karatasi, kwa macho haya, polepole. Uliniomba sifuri kama umekosea. Nilikaa na kalamu mkononi muda mrefu, kuku wakanizunguka wakidhani nina mahindi.

Nimeandika tisa.

Unajua tisa ni ya nani.

Gertrude